Sabuni ya Desemba

Mimi najua kunyoa. Nasema hivyo bila kupepesa macho, na mwenye neno aje akae kitini kwangu kwanza, kisha aseme akiwa ameshika kidevu chake. Miaka ile ya elfu mbili na kumi na mbili, kumi na tatu, nilikuwa na kibanda karibu na soko la Lodwar, na vinyozi wengine wote niliowajua pale walikuwa watu wa mashine. Umeme ukikatika, na ulikatika sana, walikaa nje wakifukuza nzi na kulaani jenereta. Mimi nilikuwa na jiko la makaa, birika, brashi na wembe, kwa hiyo shida yao ilikuwa riziki yangu.

Wateja wapya walinicheka kwa sababu ya taulo la moto. Lodwar yenyewe ni tanuri, wakasema, na wewe unatubandika taulo la moto usoni? Niliwaambia wafunge mdomo povu lisije likawaingia. Ndevu zetu sisi watu weusi zimejikunja, ukizikata kavu zinarudi ndani ya ngozi na kuzaa vipele, na mashine haijui hilo. Taulo linazilainisha, brashi inazisimamisha, kisha unapita na wembe polepole kufuata mlalo wa nywele, wembe mpya uliofunguliwa mbele ya macho ya mwenye kidevu. Ukimaliza unapaka shabu, ile inayowasha kidogo, halafu maji baridi yenye manukato. Mtu alikuwa akiinuka kwangu anajipapasa mashavu kama ameazimwa uso wa mtu mwingine.

Lakini kilichowarudisha, nakubali, kilikuwa harufu. Nilikulia Mombasa katika nyumba ambayo nguo haivaliwi mpaka ifukizwe udi, na pua yangu ilisomeshwa kabla ya kichwa. Nilipofika Turkana nikikimbilia kwa kaka yangu aliyekuwa dereva wa malori, nilitafuta sabuni ya kunyolea yenye maana nikakosa, mpaka siku moja nikiwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, nikapita mbele ya nyumba ya mama mmoja Mkongomani kutoka upande wa Uvira. Alikuwa akikoroga sufuria, na harufu ile ilinishika ukosi ikanigeuza. Alitumia mafuta ya mbuzi na ya mawese, na povu la sabuni yake lilisimama kwenye brashi kama uji mzito. Tangu hapo nilikuwa mteja wake, na yeye akawa mwalimu wangu, ingawa mbele yake sikuwahi kukiri.

Tulikuwa na sabuni kwa majira. Kiangazi kikali, wakati ambao Waturkana huita akamu, alitengeneza ya nanaa na kafuri, ukinyolewa nayo unahisi kuna mtu anakupulizia shavuni. Mvua zikija, akiporo, ilikuwa ya mchaichai na ubani aliopata kwa Wasomali wa sokoni. Na Desemba, basi, Desemba alijimwaga: mdalasini, karafuu na maganda ya machungwa. Mapadre, walimu, polisi, madereva, wote walitaka kunukia Krismasi. Nilikuwa na wateja waliohesabu mwaka kwa sabuni zangu, na mmoja aliyekuja mvua ikichelewa akaniomba nimnyoe kwa sabuni ya mvua labda mbingu zitasikia. Nilimnyoa. Mbingu hazikusikia, lakini alipendeza.

Desemba ya mwaka huo wa kumi na mbili aliingia mzee mmoja Mturkana, mrefu, fimbo mkononi na kigoda chini ya kwapa. Nilishangaa, maana wazee wa kule hawanyoi ndevu. Huzing'oa, moja moja, kwa kibanio kidogo cha chuma wanachokivaa shingoni. Chake kilikuwepo palepale shingoni, na kidevu chake kilikuwa kimechipua kama shamba lililotelekezwa.

"Ejok," akasema.

"Ejok, mzee. Karibu."

Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Kazi ya kumng'oa ndevu ilikuwa ya binti yake, tangu akiwa mdogo. Sasa binti alikuwa amelazwa hospitali hapo Lodwar. Alijifungua kwa kupasuliwa, kidonda kikaoza, homa ikampanda mpaka hakujua mchana na usiku. Maziwa yakamkauka. Bibi yake mtoto, yaani mke wa huyu mzee, akamchukua kichanga akarudi naye nyumbani, upande wa Nakalale, si mbali na Kakuma, kwa sababu nyumbani kulikuwa na maziwa ya ngamia na mjini hawakuwa na mtu. Homa ilipopungua mzee alikuja kwa siku moja kumwona, na binti akamtazama kutoka kitandani, akamwambia, baba unatisha, nenda kwa kinyozi.

Basi nilimnyoa. Sijui nimewahi kumnyoa mtu aliyetulia vile. Povu lilipomfika puani alifumba macho akavuta pumzi, akavuta tena. Nilipomaliza alitaka nimpake hata kichwani, hata kifuani, na kwa kuwa nilikuwa nimefurahi nilimpa kipande kizima cha sabuni aende nacho, zawadi ya mjukuu. Akapita hospitali binti amwone, akapanda lori. Nikarudi kazini nikipiga mluzi.

Baada ya siku chache alirudi. Hakusalimu. Alisimama mlangoni, mteja wangu akiwa kitini na povu usoni, akaninyooshea fimbo.

"Wewe weka harufu. Wewe toa."

Nilicheka. Mteja naye akacheka mpaka nikalazimika kuinua wembe. Nikamwambia, mzee, watu wananilipa niweke harufu, sijaona anayedai itolewe.

"Hii harufu yako naua mtoto," akasema.

Hapo kicheko kilinikauka. Nikamwomba akae, akakataa kukaa, akanieleza akiwa amesimama. Ngamia wake jike alikuwa amefiwa na ndama. Ngamia aliyefiwa hashushi maziwa hivihivi. Wamemchuna yule ndama, wakaijaza ngozi majani makavu, na kila jioni na kila asubuhi mzee huiweka mbele ya mama mtu, humwimbia, na mama mtu hunusa ngozi ya mwanawe, humnusa na mzee, ndipo hulegea. Kwa mtu mwingine yeyote hurusha teke. Sasa mzee alirudi kutoka kwangu ananukia Krismasi, ngamia akamkataa. Jioni akamkataa, asubuhi akamkataa. Wachungaji walikuwa wamewapeleka mbuzi mbali kutafuta malisho, na wawili waliobaki hawakuwa na kitu kiweleni. Mke wake alikuwa akizunguka kwa majirani kuomba kikombe cha maziwa, na mtoto alilia mpaka sauti ikawa nyembamba.

"Hukuoga?" nikamuuliza.

"Nilioga. Kila siku."

"Kwa sabuni gani?"

Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Sabuni yako."

Alikuwa akiondoa harufu ya sabuni kwa sabuni ileile. Na shuka lake kalifua kwayo. Hata chombo cha mti cha kukamulia mke wake alikisugua kwayo, kiwe kisafi zaidi. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikaishia kukasirika, sijui nilimkasirikia nani. Nilimmaliza mteja wangu haraka, nikafunga kibanda mchana kweupe siku ambayo mji mzima ulitaka kunyolewa, nikatia vifaa kwenye mkoba. Jirani yangu wa mashine aliniuliza ninakwenda wapi. Kumwomba radhi ngamia, nikamwambia, na akadhani namtania.

Tulipata lori la mahindi mpaka Kakuma. Njiani nilisema kwa niaba ya wote wawili, ndivyo nilivyo nikiwa na hofu. Tulipofika nilimpeleka moja kwa moja kwa mama yetu wa sabuni. Nilimweleza. Hakucheka hata kidogo. Alimzunguka mzee, akamnusa kisogo, akamnusa viganja, akasonya.

"Weye papa, unamupaka muzee wa ngamia parfum ya Noeli?"

"Alipenda mwenyewe, mama."

"Hata mutoto anapendaka moto." Akaingia ndani, akatoka na kipande cheupe kisichonukia chochote, kile cha kwanza kabla hajatia viungo. "Munyoe tena na hii. Kisha mupakeni majivu na mafuta. Asivae nguo yake ile. Na weye, usijipake kitu. Unanuka kama duka."

Ni kweli nilinuka kama duka. Nilioga palepale nyuma ya nyumba yake kwa ile sabuni nyeupe, na kwa mara ya kwanza tangu utoto nilitoka kuoga sinukii kitu. Nilijiona uchi. Tukachukua pikipiki, mzee katikati, fimbo yake ikinigonga mbavu kila shimo, tukafika kwao jua likiwa limeinama lakini halijazama.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni, mtoto kifuani. Mtoto wa kike, mdogo kuliko nilivyodhani, na hakuwa akilia. Nilitamani angelia. Bibi alinitazama tu, kwa macho ambayo hayahitaji mkalimani.

Nilifanya kazi yangu. Nilichemsha maji kwenye mawe matatu, nikamkalisha mzee kwenye kigoda chake, nikapiga povu la sabuni isiyo na harufu. Lilikuwa povu bora kuliko yote niliyowahi kupiga, na mpaka leo nasema hivyo. Nilimnyoa kidevu, nikamnyoa kichwa, nikaondoa kila unywele uliokuwa umeshika mdalasini. Majirani walisogea kutazama. Kisha mke wake akamsugua majivu na mafuta ya mbuzi, shingo, kifua, mikono, akamfunika shuka la jirani ambalo tangu linunuliwe halikuwa limekutana na maji. Nikamnusa, pua yangu karibu na sikio lake. Moshi, mafuta, jasho, basi. Nikasema, mzee uko tayari.

Ngamia alikuwa amesimama nje ya ua wa miiba, miguu mirefu, mdomo wa dharau. Mzee alimwendea polepole, akianza kuimba kwa sauti ya chini, maneno ambayo sikuyajua. Ngamia aliteremsha shingo. Alimnusa kidevu, pale wembe wangu ulipopita, akamnusa kichwa, akakaa hapo. Hakurusha teke. Niliona kifua changu kikifura kwa majivuno, nikawakonyeza majirani. Mzee akajiinamisha chini ya tumbo, chombo kipya cha kuazima kikiwa kwenye goti, na mke wake akaleta ile ngozi ya ndama akaiweka mbele.

Ngamia aliinusa. Akarudisha kichwa nyuma, akatoa mlio mbaya, akageuka pembeni. Mzee alivuta chuchu, hakuna. Akaimba, akavuta, hakuna. Aliendelea mpaka sauti yake ikaanza kukatika, na watu wakaanza kuangalia chini. Majivuno yangu yote yalinishuka mpaka kwenye nyayo.

Nikaenda kwenye ile ngozi, nikapiga magoti mavumbini, nikatia pua. Mdalasini. Siyo kidogo, mdalasini na karafuu na machungwa, Krismasi nzima. Nikaingiza mkono tumboni mwa ile ngozi, katikati ya majani, nikatoa kipande changu cha sabuni kilichobaki.

Bibi alishika mdomo. Mzee alimuuliza kwa lugha yao, akajibu kwa maneno machache, na mzee akanitafsiria bila kuniangalia. Mbuzi wawili waliobaki nyumbani walitaka kuila, na watoto wa jirani walitaka kuiba, kwa hiyo aliificha mahali ambapo hapana mtu anayethubutu kugusa. Hakuna aliyemlaumu. Ilikuwa zawadi, na aliitunza.

Sasa tufanye nini? Ngozi huwezi kuioga. Kuifukiza moshi kungeondoa mdalasini na kumwondoa ndama pia. Mzee aliketi chini pale karibu na miguu ya ngamia, mikono juu ya magoti. Hakuwa na ndama mwingine, na hakuwa na ngozi nyingine. Mtoto akaguna kifuani kwa bibi, mguno mdogo wa kuchoka.

Nikamwendea bibi. Sijui nilimwonyeshaje, lakini alielewa, akaniinamishia mtoto, nami nikamnusa utosini. Pua yangu, nimeshasema, ilisoma mapema. Harufu ilikuwa ileile iliyokuwa imejificha chini ya Krismasi kwenye ile ngozi. Maziwa ya ngamia yaliyochacha shingoni, moshi, ngozi laini aliyobebewa; sabuni yangu ilikuwa imewaosha wote ila yeye. Kwa wiki kadhaa, kabla ya siku hizi chache, hakuwa ameingiza kitu kingine mdomoni ila maziwa ya yule mnyama. Nikamwambia mzee, mpelekeni mtoto.

"Ngamia nauma," akasema.

"Mzee, huyu ananukia kama mwanawe. Nimenyoa nyuso nyingi, sijawahi kukosea harufu. Mpelekeni."

Walibishana, mume na mke, kwa sauti za chini. Mimi nilianza kujuta, kwa sababu kusema ni rahisi na mtoto hakuwa wangu. Mwisho bibi alimkatiza mumewe, akatembea yeye mwenyewe. Alisimama mbele ya ngamia, akamfunua mtoto kichwa, akamwinua kwa mikono miwili. Mkono wangu ulikuwa umeshaenda mbele kumnyakua, sikumbuki kuutuma.

Ngamia aliteremsha shingo. Mdomo wake ulikuwa mkubwa kuliko mwili wa mtoto. Alimpumulia, nywele chache za mtoto zikalala. Alimnusa utosi, akamnusa shingo kwenye mikunjo, akarudi utosini. Kisha akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ya ndani, ya chini kabisa, na mzee, ambaye alikuwa ameshajirudisha chini ya tumbo, akaanza kuimba tena. Nilisikia maziwa yakipiga chombo. Bibi alisimama hivyohivyo mpaka mzee alipomaliza, na jirani mmoja akamshikilia viwiko kwa nyuma ili asichoke. Mimi nililia mbele za watu na sikuona haya.

Nililala kwao. Asubuhi walimkamua tena kwa namna ileile, na mtoto alipolia, alilia kwa sauti nene yenye kudai haki yake, hata mzee akacheka. Nilipokuwa naondoka bibi alinipa kitambaa alichokuwa akimfungia mtoto, akamwambia mumewe aniambie nimpelekee mama yake, ajue mtoto yu hai. Kilikuwa kichafu. Siku nyingine zote za maisha yangu ningekiloweka Kakuma kabla ya kukifikisha. Safari hii nilikifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikafunga mafundo mawili, nikakibeba mkononi mbali na mkoba wa sabuni.

Nilifika hospitali saa ya kuona wagonjwa. Binti alikuwa amekaa kitandani, amekonda, macho makubwa, na alinitambua kwa maelezo ya baba yake. "Wewe ndiye kinyozi," akasema. Nilimwamkia, nikamsimulia yote tangu mwanzo, na nilisimulia vizuri, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Yeye hakucheka. Aliuliza swali moja tu, kama mtoto wake bado ana sauti. Nikamwambia anayo, dada, na anaitumia. Muuguzi aliyekuwa akipita alisimama kusikiliza. Ndiye aliyeniambia kwa chinichini kwamba wamejaribu kumkamua huyu mama kila siku bila kupata tone, na kwamba sasa ameshakata tamaa, hataki hata kuguswa.

Nikafungua mafundo, nikampa kitambaa.

Alikishika kwa vidole kwanza. Kisha akakiinua usoni, akakifunika pua na mdomo, akavuta pumzi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Na mimi nikiwa nimesimama pale na mikono yangu isiyo na kazi nikaona kwenye gauni lake la hospitali, kifuani, doa la maji likitokea upande mmoja, kisha upande wa pili, madoa yakitanuka taratibu. Niligeuka nikatazama dirishani, kwa heshima. Nyuma yangu nilimsikia muuguzi akiacha kila alichokuwa ameshika.

"Mleteni," yule binti akasema ndani ya kitambaa. "Nileteeni mtoto wangu."